Ushairi wa Mitandaoni na Wajibu wa Mtafiti

Imekuwa desturi sasa kukuta, katika tasnifu na makala za taaluma ya Kiswahili, beti zilizonukuliwa kutoka Facebook, Twitter au kundi la WhatsApp. Jambo hili lenyewe si la kulaumiwa. Fasihi huenda waliko watu, na watu wengi hukutana huko. Malumbano yaliyozoeleka katika kurasa za mashairi za magazeti yamepata uwanja mwingine, ambamo swali la asubuhi hujibiwa kabla ya adhuhuri. Mhakiki anayeupuuza uwanja huo anahakiki sehemu tu ya fasihi ya zama zake. Linalostahili kuhojiwa ni namna ubeti unavyotolewa pale ulipotungwa ukafikishwa mbele ya watahini.

Kasoro ya kwanza ni ya muktadha. Shairi la malumbano ni sehemu ya mazungumzo. Likinukuliwa pekee, bila lililolitangulia wala lililolifuata, huwa mithili ya jibu lisilo na swali. Historia ya Kiswahili ina funzo kuhusu jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) aliwatungia watu waliokuwa mbele yake, juu ya mambo waliyoyajua, yakiwamo mapenzi, ukata na mvutano baina ya Mazrui na Seyyid Said. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu miongo kadhaa kabla ya W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani iliyohaririwa na W. Hichens haikutoka mpaka mwaka 1940. Sikujua hakutoa maneno matupu. Alieleza pia maana zake na mambo yaliyoyazaa. Bila ya maelezo ya namna hiyo, beti nyingi za Muyaka zingekuwa mafumbo yasiyofumbulika.

Mtafiti wa mitandaoni ana bahati ambayo Taylor hakuwa nayo. Watunzi wengi anaowanukuu wangali hai, na njia ya kuwauliza ni ileile iliyomletea shairi. Kutouliza, kisha kukisia dhamira kwa kurasa tatu, si uhakiki bali ni uvivu uliovishwa joho.

Kasoro ya pili ni ya idhini. Malenga aliyepeleka shairi gazetini alijua kwamba analitoa kwa umma, na aghalabu aliandika jina, lakabu na mahali atokako. Aliyetunga beti za kumliwaza mfiwa katika kundi la jamaa na marafiki hakukusudia hivyo. Hoja kwamba kila kilicho mtandaoni ni mali ya umma haisimami. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi wa kazi iliyoandikwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki ya kujua habari zake zitatumiwa kwa jambo gani.

Wako wanaodhani kwamba kulifuta jina kunamaliza shida. Kinyume chake, huleta shida mbili. Kwanza, mshororo mmoja ukitafutwa mtandaoni huweza kumfichua mwenyewe mara moja. Pili, mtunzi anayetamani kutambuliwa hunyimwa sifa ya kazi yake, hali mtafiti anapata shahada kwayo. Baina ya kumsitiri mtunzi na kumtaja, mwamuzi ni mtunzi mwenyewe.

Kasoro ya tatu ni ya hifadhi. Ghala ya mitandao ina mwenyewe, na ufunguo hauko mikononi mwa wanazuoni. Mwezi Januari 2021 Twitter iliwafungulia watafiti wa vyuo vikuu kumbukumbu zake bila malipo, kwa kiwango cha hadi jumbe milioni 10 kwa mwezi. Mwaka 2023 njia hiyo ilifungwa, na mwaka huohuo mtandao ukabadilishwa jina ukawa X. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya Meta nayo ilifunga CrowdTangle, chombo kilichowawezesha watafiti kufuatilia yaliyotangazwa hadharani katika Facebook. Tasnifu inayotaja anwani ya mtandao tu huweza kubaki bila ushahidi kabla wino wake haujakauka.

Yapasa pia kujihadhari na takwimu. Idadi ya waliolipenda shairi si kipimo cha ubora wake, kama ambavyo idadi ya wafuasi wa mhadhiri si kipimo cha elimu yake. Aidha, lugha ya wenye simu na fedha za kulipia intaneti isichukuliwe kuwa ndiyo lugha ya Waswahili wote.

Dawa ya kasoro hizi si ngumu. Mtafiti amwombe mtunzi ruhusa na kumhoji. Anakili shairi pamoja na jumbe zilizolizunguka, tarehe na saa. Kisha, mtunzi akiridhia, aweke nakala katika maktaba ya idara. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa wakusanyaji makini wa fasihi simulizi, nao haujachakaa. Muyaka alimpata Sikujua baada ya kufa kwake. Watunzi wa leo wanastahili kumpata wangali hai.