Alama Moja, Sababu Mbili: Tahakiki ya Jaribio la Sarufi ya Kiingereza ya Kiwango cha Kati

Jaribio la sarufi ya Kiingereza lililotungiwa wazungumzaji wa Kirusi haliwezi kuhamishiwa darasa la sekondari la Jangwani, Dar es Salaam, bila hasara. Juujuu, makosa yanafanana: Mrusi na mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huteleza wote penye "a" na "the", kwani lugha zao hazina maneno ya namna hiyo. Hata hivyo, Kiswahili huweza kudokeza umahususi kwa kiambishi cha yambwa. "Nimesoma kitabu" si sawa kabisa na "nimekisoma kitabu". Kirusi hutegemea zaidi mpangilio wa maneno. Penye viwakilishi, wawili hao huachana. Mrusi huenda akaiita meza "he", kwa kuwa nomino hiyo kwake ni ya kiume; wa Jangwani huenda akamwita dada yake "he", kwa kuwa "yeye" haibagui jinsi. Corder (1967) aliliona kosa kuwa ushahidi wa mfumo anaoujenga mjifunzaji. Jaribio la kuchagua jibu huufuta ushahidi huo na kubakiza jumla ya alama, ambayo haimwambii mwalimu aanzie wapi kesho.