Mshipa Ufikapo Rusumo

Istilahi ya tiba haipimwi katika kamusi tu. Hupimwa pia pale mgonjwa aitamkapo. Nimechagua Rusumo, penye daraja la mto Kagera kati ya Ngara na Rwanda, kwa kuwa huko wengi wamejifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Upande wa Ngara husemwa Kihangaza na Kishubi, na ng'ambo ya mto Kinyarwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka hapo kwa muda wa siku moja hivi, na kila tabibu aliyewapokea alihitaji kujua ni nini kinachouma, na wapi.

Katika mfupa hapana taabu. Mswahili asema mfupa, Mnyarwanda igufwa, na sikio hutambua kwamba maneno hayo ni ndugu. Taabu ni mshipa. Neno hili hubeba mrija wa damu, na uzi wa fahamu, na pengine hata kano. Tena mzee asemaye ana mshipa huenda anastahi kuitaja ngiri. Umutsi wa Kinyarwanda nao hubeba mengi vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa mpakani ageuzapo umutsi kuwa mshipa hapotezi kitu. Apoteaye ni tabibu.

Wasanifu wa istilahi, ambao kazi yao kubwa ilionekana katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990, wametuzoesha ateri, vena na neva. Siwalaumu, maana mwanafunzi hawezi kufuata mwendo wa damu kwa neno moja lisemalo yote. Lakini mshipa wa damu na mshipa wa fahamu yalikuwako tayari, nayo yaeleweka. Kwa nini yahesabiwe kuwa maneno ya wasiosoma? Kano na gegedu pia ni maneno safi, nami nayaona mara chache mno katika maandishi ya afya yaliyokusudiwa watu wote.

Tishu naikubali. Nyama haitoshi kushika mahali pake, kwa kuwa mfupa nao ni tishu, na damu pia, na ngozi imefanyika kwa tishu kadhaa. Ila dukani siku hizi tishu ni karatasi laini ya kufutia mikono, na mama aambiwaye kwamba tishu za mwanawe zimeharibika ana haki ya kushangaa. Hapo muuguzi hana budi kutaja ni tishu ya nini: ya mfupa, ya ngozi, au ya msuli.