Kalenda ya Mwaka Jana

Januari ikiingia, kalenda ya mwaka uliopita hushushwa ukutani, na katika nyumba nyingi huishia kuwashia jiko la mkaa. Kwa anayetengeneza shanga za karatasi, hiyo ni hasara. Karatasi ya kalenda ni nzito, inang'aa, na rangi zake huvumilia gundi. Gazeti hunywa gundi likalegea na kupauka. Jarida linafaa kwa shanga ndogo.

Kazi huanza kwa rula na penseli. Tandaza karatasi ya A4 mezani kwa wima. Ukingo wa chini utie alama kila sentimita 2 kuanzia pembeni kabisa. Wa juu nao kila sentimita 2, ila alama ya kwanza ikae sentimita 1 kutoka pembeni. Unganisha alama hizo kwa mistari ya kupanda na kushuka, kisha kata. Zitatoka pembetatu 20 ndefu, moja ncha juu, jirani yake ncha chini, na vipande viwili vya nusu kwenye pembe. Hata hivyo viwili havitupwi: ukiviviringisha hutoa ushanga mnene upande mmoja na uliochongoka upande wa pili.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii hakionekani kwa mtazamaji wa haraka. Pembetatu huviringishwa kuanzia kitakoni, juu ya kijiti cha meno au sindano nene, upande wenye rangi ukiwa nje. Kila mzunguko ni mwembamba kidogo kuliko uliotangulia, kwa hiyo huufunika wote isipokuwa mstari mdogo huku na huku. Ushanga ukiisha, macho yanaona kingo za karatasi na ncha yake basi. Katikati yote imezikwa. Ndiyo maana fundi haitazami picha ya kalenda, hata iwe ya mlima mzuri namna gani. Anatazama mkasi utapita wapi. Ukipita pale bluu ya anga inapokutana na kijani cha majani, ushanga utatoka na michirizi ambayo hakuna aliyeichora. Mabango ya uchaguzi nayo ni mali safi: sura ya mheshimiwa humezwa karibu yote, zikabaki rangi za chama.

Kuviringisha ndiko kunakotaka subira. Ncha isipokaa katikati, mizunguko huhama kidogo kidogo mpaka ushanga unakaa upande kama kofia ya mlevi. Kuukaza mwishoni hakusaidii. Ufunguliwe na kuanzwa upya kabla gundi haijashika. Mizunguko ya mwanzo ndiyo ya kubanwa, la sivyo ushanga hubonyea ukiguswa. Gundi nayo isipakwe mapema, maana karatasi itang'ang'ania kijiti.

Wanawake wa Acholi Quarter, pembezoni mwa Kampala, waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, waliifanya kazi hii pamoja na ya kuponda kokoto machimboni. Nikikumbuka hilo, sioni tena sababu ya mtu kuziita shanga hizi mchezo wa watoto.

Anayeanza atosheke na mkufu, au kamba ya kushikia pazia la dirisha. Pazia zima la mlangoni ni hesabu nyingine. Ushanga mmoja una urefu wa sentimita 2, basi uzi wa mita 2 unataka shanga 100, yaani karatasi 5. Mlango wa sentimita 80 wenye uzi kila baada ya sentimita 2 utameza karatasi 200 hivi. Wengi hupunguza kazi kwa kutia vipande vya mrija wa soda kati ya ushanga na ushanga. Mimi sipendi: plastiki hung'aa vibaya karibu na karatasi. Afadhali nyuzi ziachane.

Shanga zikikauka hutungwa kwenye waya, huchovywa katika vanishi na kuanikwa, zikiachanishwa zisigandane. Vanishi mara mbili hustahimili vumbi na kitambaa chenye unyevu kidogo, lakini si mvuke wa bafuni. Pazia lenyewe litungwe kwa mshipi wa kuvulia samaki, na mwisho wa kila uzi ukae ushanga wa pembetatu mbili zilizoviringishwa moja juu ya nyingine. Uzito huo huzuia upepo wa mlangoni usizisokote nyuzi.