Ufundi wa Macho

Williamstown ni mji mdogo katika milima ya Berkshire, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Chuo cha Williams kilianzishwa hapo mwaka 1793, na hadi leo kina wanafunzi wapatao 2,000 tu. Kazi yake kubwa ni shahada ya kwanza, na anayesomea uchumi au biolojia huhimizwa kukaa darasa moja na anayesomea historia ya sanaa. Humo ndimo walimopita Glenn Lowry, aliyekabidhiwa jumba la sanaa la MoMA la New York mwaka 1995, Earl Powell aliyeongoza National Gallery ya Washington, Thomas Krens aliyeongoza Guggenheim na Michael Govan wa jumba la sanaa la Los Angeles. Wamarekani wamewabandika jina la mafia wa Williams.

Walimu waliojenga darasa hilo katikati ya karne ya 20 walikuwa watatu. Whitney Stoddard alibobea katika makanisa makuu ya Ufaransa ya zama za kati, William Pierson katika majengo ya Marekani, na Lane Faison, aliyefundisha hapo kuanzia 1936 hadi 1976, katika uchoraji. Msingi wao ulikuwa mmoja: kitu chenyewe kwanza, nadharia baadaye. Huo ndio ufundi ninaousifu, nao ni mgumu kuliko unavyosikika.

Chukua mchoro wa Winslow Homer wa mwaka 1886, ulioko katika jumba la sanaa la Clark, mwendo mfupi kwa miguu kutoka chuoni. Wanaume wawili wanawatoa baharini wanawake wawili waliokuwa wakizama. Mtu wa pwani ataguswa papo hapo na kusema, "Unasikitisha." Kweli, lakini mwanafunzi haruhusiwi kuishia hapo. Umeona nini hata ukasikitika? Sasa anarudi kutazama. Anaona kwamba wale wanawake wamekumbatiana, na hata uhai ukiwa unawaponyoka hawajaachiana. Anaona nguo zilivyolowa na kugandana na miili mpaka watu wanne wanakuwa kama jiwe moja lililochongwa. Nyuma yao wimbi limesimama kama ukuta, wala ufuko wanakoelekea haumo ndani ya fremu. Huzuni ile sasa ina sababu zake, na mwenzake anaweza kuzipinga.

Kwa kupinga huko wana utaratibu wao. Katika baadhi ya kozi wanafunzi hukaa wawili wawili na mwalimu mmoja. Wiki hii huyu anasoma insha yake na yule anaichambua, wiki ijayo wanabadilishana, na mwalimu muda mwingi anasikiliza tu. Mbele ya watu wawili hakuna pa kujificha nyuma ya maneno makubwa. Mimi naamini nusu ya sifa ya chuo hiki inatokana na uchache huo wa watu.

Nusu nyingine ni kuwa na vitu vyenyewe karibu. Jumba la Clark lilifunguliwa mwaka 1955 kwa mali ya Sterling Clark, mjukuu wa mshirika wa Isaac Singer. Ndiyo, Singer yule yule wa cherehani zilizojaa kwa mafundi wetu. Na chuo chenyewe kina mawe ya jasi yaliyochongwa katika kasri la mfalme Ashurnasirpal wa Pili huko Nimrud, Iraq, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Yaliletwa mwaka 1851 kwa juhudi za mmisionari aliyekuwa amesoma hapo. Mwanafunzi akisogea anaona mlinzi mwenye mabawa, ndevu zilizosokotwa kwa mpangilio, misuli ya miguu iliyochongwa kama kamba, na mwandiko wa kikabari uliokatiza juu ya mwili wake wote. Hapo swali linakuja lenyewe: nani aliling'oa jiwe hili, kwa idhini ya nani? Na lingekuwa na hali gani leo kama lingebaki huko, ikiwa kasri hilo lililipuliwa na wapiganaji mwaka 2015?

Maswali hayo si ya darasani tu. Mwaka 1945 Faison alikuwa Austria akiwahoji waliowapora watu michoro kwa niaba ya Hitler, akaandika ripoti kamili kuhusu jumba ambalo Hitler alitaka kulijenga Linz. Kazi hiyo ilitaka mtu anayeujua mchoro kwa kuutazama, na anayejali ulitoka ukutani kwa nani.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tunayo habari ya aina hiyo. Mwaka 1985 msomi wa anthropolojia, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili, yaani nguzo za mti za kumbukumbu, alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, slaidi ikaonyeshwa ukutani, na Udvardy akakitambua kimojawapo. Kilikuwa katika makumbusho ya Illinois, na cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ikakabidhiwa vyote viwili. Yote hayo yalianza kwa sababu mtu mmoja alikuwa amekitazama kipande cha mti kwa makini kiasi cha kutokisahau.

Ndiyo maana nawasihi wanaopanga masomo ya vyuo vyetu wasiliache somo hili kwa wachoraji peke yao. Mpeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata wa sheria au uhasibu, muhula mmoja wa kutazama. Wanafunzi kumi, mwalimu mmoja, kitu kimoja, saa nzima. Vitu vya kutazama vipo Fort Jesus, vipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na Nairobi, na havihitaji kusafirishwa kutoka popote.