Ujiji katika Maisha ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili hapa Unguja, miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1905. Nathari yake ni ya mfanyabiashara: safari, pembe, deni, Ujiji ni kituo cha njiani tu. Anaeleza bila haya alivyojidai kuwa na nasaba Utetera, akapewa utawala. Uwazi huo ndio nguvu ya kitabu. Lakini kusimulia si kuwajibika: waliobeba pembe zile karibu wote hawana majina. Deni hilo tumelirithi sisi pamoja na lugha yake. Malenga wa Mwanga au Ujiji hajafungiwa njia. Na aanzie alipoishia Hamed, kwa mpagazi mmoja.