Prosesa ya Mpakato Ilipohamia Mezani

Mwaka 2004, wapenzi wa kompyuta waliotaka mashine ya mezani yenye nguvu kwa bei nafuu walianza kuisaka prosesa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yao. Ilikuwa Athlon XP-M 2500+ ya AMD, iliyokusudiwa kompyuta mpakato. Iliingia bila taabu katika Soketi A, ileile ya Athlon za kawaida, na ubahili wake wa umeme ndio uliowavutia.

Ubahili huo huanzia kiwandani. Vipande vya silikoni vinavyokatwa kutoka sahani moja havilingani kwa ubora, na vile vinavyotulia kwa volti ndogo hutengwa kwa ajili ya mpakato, ambako betri huisha upesi na feni ni ndogo. Athlon XP 2500+ ya mezani ilitaka volti 1.65 na kufikia wati 68. Ndugu yake wa mpakato, mwenye mwendo wa megahezi 1,867, aliridhika na volti 1.45 na wati 45.

Tena, kizidishi chake hakikufungwa. Prosesa hupata mwendo wake kwa kuzidisha mapigo ya msingi ya bodi, kwa mfano 133 mara 14. Mwishoni mwa 2003 AMD ilianza kuifunga hesabu hiyo kwenye prosesa za mezani. Ya mpakato, inayopanda na kushuka kila mara ili kuokoa betri, ikabaki wazi. Kwenye bodi kama Abit NF7-S, fundi aliweka 200 mara 12, akapata gigahezi 2.4. Waliobahatika walivuka 2.5 kwa kupoza na feni tu.

Kubadili namba kulikuwa rahisi. Ufundi ulionekana kwanza mkononi, kwani kiini cha prosesa hiyo kilikaa uchi, bila kifuniko cha chuma, kikiwa na eneo la takriban milimita za mraba 100. Fundi alipaka pasta ya joto kiasi cha punje ya mchele, akashusha kipoza kikiwa sawasawa, kisha akakandamiza klipu yake ngumu kwa bisibisi. Kipoza kikiinama upande mmoja, pembe ya silikoni humeguka, na prosesa ndiyo imekwenda.

Kisha ikaja subira. Aliongeza megahezi chache, akawasha Prime95, akaenda kulala. Programu hiyo, iliyobuniwa kutafuta namba tasa kubwa, hunasa kosa dogo la hesabu hata pale ambapo Windows inaonekana nzima kabisa. Asubuhi akikuta kosa, ama alirudi nyuma, ama aliongeza volti. Na volti haiongezwi ovyo, maana umeme unaoliwa hukua kwa mraba wake: kutoka 1.45 hadi 1.65 ni ongezeko la karibu asilimia 30, mwendo ukiwa bado haujaguswa.

Upande wa Intel, mchezo huo wa kuhamishia prosesa za mpakato mezani ulifichua jambo zito zaidi. Wakati kampuni ikinadi Pentium 4 kwa wingi wa gigahezi, huku baadhi ya zile za toleo la Prescott la 2004 zikipita wati 100, timu yake ya Haifa, Israeli, ilikuwa imebuni Pentium M. Toleo la Dothan lilitumia takriban wati 21 tu. Mwaka 2005 Asus ilitoa CT-479, kibao kidogo cha kuipachika prosesa hiyo kwenye baadhi ya bodi zake za Pentium 4. Dothan iliyosukumwa hadi gigahezi 2.4 ikaziacha nyuma, katika michezo mingi, Pentium 4 zenye zaidi ya 3. Waliopima wenyewe wakaona kwamba namba ya kwenye boksi haikuwa ikisema yote. Mwaka uliofuata, Intel ilileta Core 2 Duo, iliyotokana na kazi ya Haifa, ikaiweka mezani badala ya Pentium 4.

Siku hizi prosesa za mpakato huchomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na bisibisi haina kazi tena hapo. Hata hivyo soko halijafa: kampuni ya Minisforum huuza bodi ndogo za mezani zenye Ryzen 9 7945HX, prosesa ya mpakato yenye viini 16, na kipoza chake kikiwa kimeshafungwa. Feni, mnunuzi anajichagulia mwenyewe.