Kiluwiluwi cha Kaa: Istilahi Isiyotosha

Katika tafsiri za miongozo ya kukuzia kaa maabarani, neno moja limetwishwa mzigo mzito mno. Kila kiumbe kilichokwisha kutoka yaini na ambacho hakijawa kaa huitwa kiluwiluwi. Neno hili ni letu na ni zuri, lakini lina wenyewe, nao ni chura na mbu. Wafasiri wengine hutumia buu, na hapo msomaji humwona nzi.

K. S. Ong alipochapisha mwaka 1964 maelezo ya kaa wa mikoko waliolelewa maabarani, alipambanua hatua tano za zoea na moja ya megalopa. (Jina Scylla serrata alilolitumia lilikuwa bado limewakusanya pamoja kaa ambao mwaka 1998 walitenganishwa kuwa spishi nne.) Tofauti ya hatua hizo si pambo la wataalamu. Zoea ana miiba kwenye gamba, huogelea kwa viungo vya kifuani, na hulishwa rotifa, kisha atemia. Megalopa amekwisha ota magando, huogelea kwa viungo vya chini ya tumbo, na huwala ndugu zake. Mlezi asipowapunguza tangini na kuwawekea maficho, atabaki na wachache. Sasa bwana samaki aliyeandikiwa tu kwamba "viluwiluwi wapewe maficho" ataijuaje siku yenyewe?

Kuna aliyependekeza "macho-makubwa" badala ya megalopa, kwa kufuata asili ya Kigiriki. Pendekezo hili halifai hata kidogo, kwa kuwa zoea naye ana macho makubwa. Aidha, majina haya mawili yanakubaliana na silabi za Kiswahili bila kubadilishwa herufi. Sioni sababu ya kuyakimbia. Historia yake nayo inafundisha. Zoea lilitolewa mwaka 1802 kuwa jina la jenasi, kwa kudhaniwa kwamba huyo ni mnyama kamili. Ni John Vaughan Thompson, huko Ireland, aliyeonyesha katika miaka ya 1820 kwamba ni mtoto wa kaa.

Kitenzi kuangua nacho kimetumiwa ovyo. Tafsiri moja inasema zoea "huanguliwa mara ya pili", kana kwamba kuna yai jingine. Kaa huanguliwa mara moja tu. Baada ya hapo hujivua gamba, na kila ajivuapo huingia hatua nyingine.

Kwa hiyo napendekeza lava liwe jina la jumla, na chini yake zoea wa kwanza hadi wa tano, kisha megalopa. Anayefuata, mwenye umbo la kaa, aitwe kifaranga cha kaa, kwani wafugaji wa samaki wamekwisha lizoea neno kifaranga. Upatanisho uwe wa viumbe wenye uhai: zoea anaogelea, megalopa wanakula. Kifaranga peke yake kiachiwe ki- na vi- zake katika sentensi, kama wasemavyo wafugaji wenyewe.